Mama Vichochoro na Masanduku ya Siku ya Mwisho

Mgeni wa siku ya mwisho hana mwenyewe. Asubuhi bado ni bwana mkubwa: anaamkiwa, anavutiwa kiti, anaulizwa mayai yake yakaangwe vipi. Ikifika saa nne anarudisha ufunguo, binti wa mapokezi anachukua mkasi, anamkata ile bangili ya plastiki aliyovalishwa siku aliyofika, na papo hapo mgeni anageuka mtu baki. Hata glasi ya maji haimhusu tena. Chumba chake kinafagiliwa kwa ajili ya mwingine, meli ya kumtoa kisiwani haiondoki mpaka jioni, naye anabaki kuzurura uani na viatu vya safari miguuni, kama jamaa aliyesahauliwa kituoni.

Mama Vichochoro aliyaona hayo akiwa dobi. Dirisha la chumba cha kufulia lilitazama ukuta wa nyuma wa hoteli, na huko nyuma ndiko wageni waliokatwa bangili walikojificha na jua. Wengine walikaa juu ya ndoo zilizofunikwa. Wengine walianza ugomvi uliosubiri likizo yote. Dobi wenzake waliwaonea huruma. Yeye hakumwonea huruma mtu. Aliona biashara imekaa kivulini haina mnunuzi. Siku alipoamua, alimkabidhi msimamizi aproni ikiwa bado mbichi, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga, na kesho yake akaja kukaa nje ya lango la mbele, kavaa viatu vya kutembelea.

Hakuwa na basi wala kipaza sauti. Alichukua watu wachache tu kwa safari moja, wa nyumba moja, hakuwachanganya na wengine. Wakigombana, alisema, wagombane wenyewe kwa wenyewe. Bei yake alikutajia mkiwa mmesimama, kabla hujapata muda wa kukaa na kufikiri. Kisha aliwapitisha vichochoroni, kwenye milango ya nyuma ya mji: kiwanda cha barafu, mtaa wa washona magodoro, jiko la waoka mikate, na paa lenye tangi la maji ambako mtu akijigeuza anaona bahari huku na bahari kule. Wenye kutaka kununua sanamu na shanga aliwaambia watafute mtu mwingine. "Likizo yote mmeitazama bahari," alizoea kusema. "Leo mkawaone wanaoishi nayo." Jioni aliwarudisha hotelini, wakachukua masanduku yao stoo, wakaenda bandarini wamechoka na kuridhika. Kwa mtindo huo alijenga nyumba, na jina la Mama Vichochoro likamganda hata kwenye msikiti na kanisa la mtaani kwake, ambako pande zote mbili alikuwa na wadeni na marafiki.

Meneja wa hoteli naye alikuwa na jina lake, ingawa hakuna aliyemwita mbele yake. Walimwita Bwana Utaratibu, kwa sababu hakuweza kukuomba chumvi bila kutaja utaratibu wa kuomba chumvi. Asubuhi moja alitoka mpaka langoni na mkono mzima wa fulana za manjano, mpya, zina picha ya hoteli mgongoni. Waongoza wageni wote wakasimama. Akawatangazia kwamba kuanzia siku hiyo stoo ya hoteli itatunza masanduku ya wale tu wanaozungushwa na basi la hoteli. Atakayetoka na mtu wa nje, atoke na mizigo yake. Mwongoza wageni anayetaka riziki avae fulana, apande basi, awapeleke watu kwenye ngome, kisha kwenye kilima cha kupigia picha, kisha kwenye duka la hoteli, basi. Huo ndio utaratibu.

Wakavaa, mmoja mmoja. Wengine walivaa juu ya mashati yao, ili waweze kusema baadaye kwamba hawakuvua kitu. Bwana Utaratibu akamfikia Mama Vichochoro akiwa bado ameketi kwenye benchi, akamnyooshea moja, akimwambia kwa upole kwamba hii amemchagulia pana.

Mama Vichochoro akaitazama fulana, akamtazama mwenye fulana.

"Niliacha kukufulia," akasema, "sasa unataka nikuvalie?"

Waongoza wageni wakacheka ndani ya kola zao mpya. Lakini kicheko hakibebi sanduku. Wageni wake wa siku hiyo walikuwa wamesimama pale pale nyuma ya meneja, mikono mitupu bila bangili, na kila neno wamelisikia. Kama wangegeuka sasa hivi wakaenda kupanda basi, mbele ya macho yote yale, kesho nani angetoka naye? Biashara yake ingefia hapo langoni, na wazikaji wangekuwa wamevaa manjano.

Walikuwa mzee na mkewe. Mzee alikuwa dereva mstaafu wa mabasi ya masafa marefu. Mkewe alikuwa muuza vitambaa aliyekuwa bado hajastaafu, wala hakuwa na mpango huo. Likizo walilipiwa na watoto wao. Walikuwa na masanduku manne makubwa na boksi la sahani ambalo mama huyo alilinunua bila kumshauri mtu. Mzee akayatazama masanduku, akalitazama basi, akaanza kusema kwamba, kwa kweli, basi nalo si baya, lina viyoyozi.

"Mimi tangu tumefika naangalia bwawa," mkewe akamkata. "Bwawa nimeshalielewa." Akamgeukia Mama Vichochoro kwa jicho la mtu wa sokoni. "Haya, dada yangu. Na hii mizigo?"

"Inakuja na sisi."

"Inakuja vipi?"

"Hilo niachie mimi. Ikinishinda, msinilipe. Meli ikiwaacha, mnalala kwangu, mnakula kwangu, na kesho nawafikisha mwenyewe."

Mama wa vitambaa akalipima neno hilo kama anavyopima kitambaa, akivuta huku na huku kuona kama litachanika. Halafu akaweka mkoba wake juu ya sanduku, akakaa kando yake, ishara kwamba amekubali lakini macho yako wazi.

Sasa Mama Vichochoro ilimbidi afanye jambo ambalo lilikuwa gumu kwake kuliko kumjibu meneja. Ilimbidi ampigie simu shemeji yake.

Shemeji huyu, mume wa mdogo wake, alikuwa msukuma mkokoteni. Alibeba barafu alfajiri na unga mchana. Siku ya harusi yao Mama Vichochoro alisimama mbele ya ukumbi mzima akasema mdogo wake kaolewa na magurudumu mawili, na tangu siku hiyo hawakuzungumza ila kwa kurushiana vijembe.

"Lete mkokoteni hapa lango la hoteli," akamwambia.

"Mkokoteni upi, shemeji? Ule alioozwa mdogo wako?"

"Huo huo. Njoo nao upesi, matusi utanipa njiani."

Hakuja upesi. Alikuja taratibu, kama mtu anayejua anasubiriwa, akipiga mluzi, na mkokoteni umefagiliwa unga. Wakapakia. Mlinzi wa lango, ambaye alikuwa jirani yake Mama Vichochoro, alishika boksi la sahani upande mmoja mpaka Bwana Utaratibu alipokohoa, akaliachia. Meneja akasema kitu kuhusu sura ya hoteli. Wote wakaendelea kufunga kamba.

Wakaondoka kwa madaha. Mama Vichochoro akiwa mbele, kichwa juu, akakata kushoto kwenye kichochoro chake cha kwanza, kile alichoanzia kila safari. Na hapo hapo mkokoteni ukakwama.

Miaka yote hiyo alikuwa amekipima kichochoro kile kwa mabega ya watu. Hata siku moja hakuwahi kukifikiria kwa ekseli. Chuma kiligusa ukuta huku na ukuta kule, chokaa ikamwagika juu ya masanduku, na dirisha likafunguliwa juu yao. Mwanamke mwenye kitana kichwani akawatazama.

"Mnahamia au mnahama?" akauliza.

Shemeji alikuwa ameegemea mpini wake bila haraka yoyote. "Shemeji, hapa hata mbuzi aliyeshiba hapiti."

"Basi sema njia."

"Niseme mimi? Mwongoza wageni ni nani?"

Nyuma yao, mwisho wa kichochoro, lango la hoteli lilikuwa bado linaonekana, na waongoza wageni wenye manjano walikuwa wamejipanga wanatazama. Kurudi ilikuwa ni kutoka kinyumenyume mbele yao, mkokoteni ukitangulia makalio. Mama Vichochoro alihesabu hasara upesi, kama alivyozoea. Aibu ya kurudi ilikuwa ya dakika chache. Aibu ya kukwama ingekuwa ya mtaa mzima, maana mwenye kitana alikuwa ameshawaita majirani zake.

"Leo ongoza wewe," akamwambia shemeji.

Shemeji akavua kofia, akaivaa tena, ili ahakikishe kwamba amesikia vizuri. Kisha wakarudi nyuma. Manjano wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama ziara imeshakwisha. Mama Vichochoro akajikaza kisabuni, akamjibu kwamba hapana, alikuwa amesahau kuwaonyesha wageni wake watu walionunuliwa kwa fulana. Makofi yakapungua.

Shemeji hakuwa na vichochoro. Alikuwa na njia zake za mkokoteni, na Mama Vichochoro, aliyejidai kuujua mji kama mfuko wa aproni yake, alizipita siku hiyo kwa mara ya kwanza. Njia ya barafu haipandi mlima na haipiti juani. Asubuhi inafuata ukuta wa ghala, mchana inavuka upande wa pili kabla jua halijavuka, inazunguka nyuma ya soko chini ya maturubai, kila hatua kivulini, maana barafu ikiona jua, kazi imegeuka maji. Mzee dereva alivutiwa. Akaanza kuuliza maswali ya kidereva: uzito unakaa mbele au nyuma, kona unaikata vipi, breki ni nini. Shemeji akamwambia breki ni hizi, akaonyesha visigino vyake.

Huku nyuma Mama Vichochoro alikuwa anafanya hesabu nyingine. Wageni wangapi aliwachoma kwenye jua miaka yote, wakafika bandarini wamekauka kama nguo iliyosahauliwa kambani? Hakumwambia shemeji. Kuna vitu humwambii shemeji bure.

Kiwandani walipokelewa kama wenyeji, kwa sababu ya mkokoteni. Mfanyakazi wa barafu akamkatia mama wa vitambaa pande la kujikanda goti, maana goti lake lilikuwa limeanza kulalamika. Kwa waoka mikate waliingia kwa mlango wa unga, na waokaji, kwa mazoea, wakashusha masanduku mawili na kuyaingiza ndani kabla ya kushtuka. Kwa washona magodoro mama wa vitambaa alikaa kitako chini, akashika kitambaa cha foronya, akakisugua kwa vidole, akaanza kubishana bei ya kitu ambacho hakuwa na nia ya kukinunua. Alibishana kwa raha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu afike kisiwani, mumewe alisema, na washonaji wakamwambia kwamba kama angekuwa ananunua kweli, wangepata hasara.

Lakini kusimama alishindwa. Goti lilikataa kabisa. Bandari ilikuwa mbali bado, na kwa washonaji walikuwa wamekaa kuliko walivyopanga.

"Panda," shemeji akamwambia, akipanga masanduku yawe kiti.

"Mimi? Juu ya mkokoteni?"

"Barafu nimeibeba, unga nimeubeba, mama mkwe nimembeba siku ya mafuriko. Panda, mama."

Akapanda. Akakaa juu ya masanduku na mkoba mapajani, boksi la sahani limemwegemea, mgongo umenyooka. Mzee dereva akasema hiyo ni mara ya kwanza anamwona mkewe amepanda chombo bila kumwambia dereva apunguze mwendo.

Wakafika njia panda. Shemeji akasimamisha. Upande mmoja njia ya kivuli ilizunguka nyuma ya kilima na kushukia bandarini kwa kuchelewa. Upande wa pili ilikuwa barabara kuu, tambarare na fupi, na ilipita mbele kabisa ya duka la hoteli. Kutoka pale waliona basi limeegeshwa, na baraza la duka limejaa watu.

"Nyuma au mbele?" shemeji akauliza.

"Nyuma meli tutaipata?"

"Tutauona moshi wake."

Mama Vichochoro akapumua. Kupita mbele ya duka na mkokoteni, na mgeni juu ya mkokoteni, ni kujianika. Wale wangesema amewageuza wageni wake mizigo. Akamtazama mama wa vitambaa aliyekuwa juu kule, maana aibu, kama ipo, ingeanzia kwake.

"Mama, tukikaribia pale, tukushushe kwanza?"

"Mnishushe kwa nini? Nimeiba?"

Basi wakapita mbele.

Baraza lilikuwa na wageni waliokaa kwenye ngazi, kila mmoja na mfuko wa vinyago asivyovihitaji, wakisubiri dereva wa basi amalize chai yake. Waongoza wageni wenye manjano walikuwa mlangoni, kazi yao kuhakikisha hakuna anayetoka bila mfuko. Na Bwana Utaratibu mwenyewe alikuwepo, siku ya kwanza ya utaratibu wake, mikono nyuma. Magurudumu yalisikika kabla ya kuonekana. Vichwa vikageuka. Mkokoteni ukaja katikati ya barabara, mama wa vitambaa juu yake kama jaji, shemeji katikati ya mipini, Mama Vichochoro ubavuni, hatazami kushoto wala kulia. Na hapo mzee dereva, aliyeziba barabara za nchi nzima kwa miaka, akashindwa kujizuia. Akajaza mashavu, akapiga honi ya basi kwa mdomo, ndefu, yenye mkunjo mwishoni.

Baraza zima likaangua kicheko. Watu wakasimama. Bwana mmoja mwenye kofia ya ukili akashuka ngazi, akauliza wanakwenda wapi na masanduku yale.

"Bandarini, tukitokea mjini," Mama Vichochoro akasema. "Meli yenu lini?"

"Kesho."

"Basi kesho. Mkishatolewa vyumba, mtanikuta nje ya lango."

"Leo hatuwezi kuja?"

"Leo nina watu wangu. Sichanganyi."

Bwana Utaratibu alikuwa ameshafika, uso umemwiva. Hakupaza sauti, kupaza sauti hakumo kwenye utaratibu. Alimwambia karibu na sikio kwamba kesho asihangaike kuja, benchi la langoni linaondolewa, na mlinzi ataambiwa.

"Liondoe," Mama Vichochoro akasema, kwa sauti ya kusikika barazani. "Benchi ni lako. Barabara ulinunua lini?"

Mteremko wa mwisho wa kushukia bandarini ulikuwa kazi. Shemeji alijilaza nyuma visigino vikichimba lami, Mama Vichochoro na mzee wakavuta kamba kwa nyuma, mzee akipiga kelele kwamba gia ndogo, gia ndogo, na mama wa vitambaa juu akilikumbatia boksi lake na kuwaambia wote watatu kwamba hawajui kazi. Walifika jasho linawatiririka, abiria wa mwanzo ndio kwanza wanaingia melini.

Malipo hayakuwa mepesi. Mama wa vitambaa alidai apunguziwe, kwa hoja kwamba kakodi mwongoza wageni lakini kaongozwa na shemeji yake. Mama Vichochoro akajibu kwamba kwa hoja hiyo hiyo aongezewe, maana hakuna mwingine aliyeuona mji akiwa ameketi. Wakashikana mikono katikati, kila mmoja akiamini amemshinda mwenzake, na hakuna salamu ya kuagana iliyowafaa zaidi ya hiyo.

Wakarudi na mkokoteni mtupu. Walipomaliza kuupanda mteremko, Mama Vichochoro akamgeukia shemeji.

"Kesho saa nne," akasema.

"Kama nani?" shemeji akauliza. "Kama kibarua, au kama shemeji?"

"Nusu kwa nusu."

Mkokoteni ukasimama. Shemeji akamwangalia kuona kama ni mzaha. "Na yale maneno ya harusini utayafuta?"

"Siyafuti. Maneno niliyosema mbele ya watu siyafuti. Nitamwambia mdogo wangu kwamba magurudumu yenyewe yana faida, basi."

Akakubali, baada ya kudai pia grisi ya mwezi mzima.

Asubuhi yake benchi halikuwepo langoni. Zilibaki alama za miguu yake minne ardhini. Mlinzi alikuja mbio, sura ya mtu aliyetumwa asichopenda, akasema jirani yangu, nimeambiwa mkokoteni usisimame kwenye eneo la hoteli. Mama Vichochoro akamwambia sawa, nionyeshe eneo linaishia wapi. Mlinzi akajikuna. Akaenda kumuuliza meneja. Bwana Utaratibu akatoka mwenyewe, akaonyesha kwa kidole kwamba eneo la hoteli linaishia kwenye mtaro wa maji ya mvua.

Shemeji akavuta mkokoteni ng'ambo ya mtaro, gurudumu likawa pua na mdomo na ukingo. Mama Vichochoro akalaza ubao juu ya mtaro, upana wa sanduku moja na mtu mmoja, akaukanyaga kuujaribu.

Lango likafunguliwa. Wa kwanza kutoka alikuwa yule bwana wa kofia ya ukili, na mkewe, na nyuma yao familia nyingine ambayo Mama Vichochoro hakuwahi kuiona, wote wakiburuta vitu. Bwana Utaratibu aliwaeleza kuhusu basi, kuhusu viyoyozi, kuhusu kilima cha picha. Walimsikiliza kwa adabu huku wakimpita. Yule bwana alifika kwenye ubao, akasita, akauliza waanze wapi.

Mama Vichochoro akaiambia ile familia isubiri, zamu yao itafika mkokoteni ukirudi, nao wakakaa juu ya masanduku yao pale pale barabarani, mbele ya meneja. Kisha akamnyooshea bwana yule mkono.

"Lete zito kwanza," akasema. "Jepesi litakaa juu."